Nani Anayajua Mafaili Yetu

Nafanya kazi Mtumba, katika Mji wa Serikali, na kazi yangu ni kumbukumbu. Nilianzia masijala, kwenye majalada ya karatasi yenye folio zilizopigwa namba, kisha nikasomea kompyuta nikiwa mtu mzima, mama wa watoto. Ushuhuda ninaoutoa hapa ni wa jambo moja lililoigeuza kazi hiyo na kunigeuza mimi mwenyewe. Nimejifunza kulitambua faili la kompyuta kwa hashi yake badala ya jina lake, na kutoka hapo nikaona kwamba mafaili yetu wenyewe hayakuwa na mtu aliyechukua jukumu la kuyajua.

Nianze na diski. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, miaka 43 baada ya TANU kuamua hivyo, hawakuhama watu tu. Zilihama kabati, meza, mashine za kudurufu na kompyuta. Wizara kadhaa zilijihifadhi kwanza kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mji wa Serikali ulipozinduliwa tarehe 13 Aprili 2019 mzigo ukahama tena kuja huku Mtumba, kwenye zile ofisi za awali zilizojengwa haraka, vumbi likipenya chini ya kila mlango. Katika kuhama huko kompyuta nyingi zilichakaa. Zilizokufa zilitolewa diski, na diski hazikutupwa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haiulizi kama kumbukumbu ya Serikali imeandikwa kwenye karatasi au kwenye diski. Kilichoandikwa katika kutekeleza shughuli za umma ni kumbukumbu, na hakiharibiwi kwa sababu tu chombo chake kimezeeka.

Basi diski zikapangwa kwenye maboksi, nyingine zikiwa na kikaratasi chenye jina la afisa aliyestaafu zamani, nyingine hazina chochote. Tukakabidhiwa, mimi na vijana wawili wa TEHAMA: tutoe kumbukumbu za ofisi, tuziorodheshe, na kinachobaki kifutwe kwa utaratibu.

Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kuujua uzito wake. Windows 10 iliyosakinishwa leo, kabla hujaandika hata barua moja, ina mafaili zaidi ya laki moja. Ongeza Office, ongeza programu ya printa, ongeza kivinjari na masasisho ya miaka. Barua ya katibu mkuu ya mwaka 2009 imelala humo, katikati ya maelfu ya mafaili yenye majina kama msvcp110.dll, na si lazima iwe kwenye folda ya nyaraka. Nimekuta taarifa za kamati ndani ya folda ya printa. Nimekuta dokezo lililopotewa na herufi za mwisho za jina lake, zile zinazoiambia kompyuta kwamba hili ni la Word au hili ni picha, kwa hiyo kompyuta yenyewe haikujua ilifungue kwa kitu gani. Tulikuwa tukifungua folda moja baada ya nyingine, tukisoma majina na tarehe, na kuamua. Jioni tulipanda daladala za kurudi mjini macho yakituwasha, na moyoni sikuwa na uhakika kwamba tulichokiacha hakikustahili kuchukuliwa.

Kilichonigeuza kilikuja kwenye mafunzo ya ushahidi wa kidijitali yaliyofanyika hapahapa Dodoma. Mkufunzi wetu alikuwa afande aliyechunguza kompyuta kwa miaka mingi, na hakuanza na nadharia. Alichukua programu ya kikokotoo iliyomo ndani ya Windows, akainakili, nakala akaipa jina "Bajeti ya Idara.docx", akaibadilishia tarehe ikawa ya miaka ya nyuma, akaiweka kwenye flashi. Kisha akaiagiza kompyuta ikokotoe hashi ya ile ya asili na ya ile ya kwenye flashi. Zikatoka safu mbili za tarakimu na herufi, 64 kila moja, na hazikutofautiana hata mahali pamoja. Halafu akaleta barua fupi ya malipo, akabadilisha tarakimu moja katika kiasi cha fedha, 1 ikawa 7, akakokotoa tena. Safu ikabadilika yote, mwanzo hadi mwisho.

"Afande," nikamuuliza, "mtu akiipata hiyo hashi peke yake, anaweza kurudi nayo mpaka kwenye barua?"

"Hapana, mama. Ukishausaga mtama, unga haurudi kuwa punje."

Hashi ni jibu la hesabu inayopita kwenye kila baiti ya faili, ya kwanza hadi ya mwisho. Jina la faili halimo katika hesabu hiyo, tarehe haimo, folda haimo. Hayo huandikwa pembeni na mfumo wa kompyuta, na yeyote mwenye kipanya mkononi anaweza kuyabadili. Hesabu tuliyofundishwa inaitwa SHA-256. Idadi ya majibu inayoweza kuyatoa ni namba yenye tarakimu 78, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuonyesha mafaili mawili tofauti yaliyoangukia jibu moja. Chombo chake hakinunuliwi. Windows ina amri ya certutil, Linux ina sha256sum, zimo tayari kwenye kompyuta ambazo watu wanaandikia barua kila siku.

Hata faili tupu, lisilo na baiti hata moja, lina hashi yake. Kwa hesabu ya zamani ya MD5 ni d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e, uwe Mtumba, Mombasa au Muscat. Diski zilizozimikiwa na umeme mara nyingi huwa na mafaili ya namna hiyo, yana majina mazuri ya taarifa na mihtasari, ndani hamna kitu. Nikiiona d41d8 mwanzoni mwa mstari siku hizi sipotezi muda kulifungua. Naandika kwamba jina lipo na maandishi hayapo, maana hilo nalo ni jambo la kuandikwa.

Ila hashi ikiwa peke yake haisemi kitu. Herufi 64 hazina maana mpaka uwe na daftari la kuzilinganisha nalo, na daftari halijiandiki. Afande alituonyesha moja kubwa sana, linalotunzwa Gaithersburg, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, na NIST, taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayohusika na vipimo na viwango. Wana maktaba ya programu za kompyuta inayoitwa NSRL. Ni maktaba yenye rafu. Programu zinanunuliwa au zinatolewa na watengenezaji, masanduku na CD zake zinatunzwa, kila faili lililomo linakokotolewa hashi, na orodha inatolewa upya kila baada ya miezi mitatu, bure, kwa dunia nzima. Mpelelezi akiwa na diski ya mtuhumiwa anailinganisha na orodha hiyo, na mafaili yote ya kiwandani yaliyomo humo yanaondolewa mbele ya macho yake ili abaki na yale yaliyotengenezwa na mtu.

Nilipoelewa kwamba wanazitunza CD zenyewe, na si orodha tu, niliguswa sana. Mtu wa masijala anajua kwa nini. Akitokea wa kuuliza "mlijuaje kwamba hashi hii ni ya programu hii?", lazima uweze kwenda kwenye rafu, ukashika kitu chenyewe na kurudia hesabu mbele yake. Watu haohao wa Gaithersburg walishirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford kuisoma hazina ya Stephen Cabrinety, kijana aliyekusanya michezo na programu za mwanzomwanzo za kompyuta mpaka alipofariki mwaka 1995, vitu takriban 15,000, vingi vikiwa kwenye diski laini ambazo sumaku yake inafifia. Kazi iliyoanzishwa kwa ajili ya polisi ikawa kazi ya kuhifadhi. Mimi nilikuwa natafuta kinyume chake, kazi ya kuhifadhi iliyohitaji chombo cha polisi.

Tulirudi Mtumba tukaanza. Orodha nzima ni kubwa mno kwa intaneti yetu na kwa kompyuta tuliyokuwa nayo, tukachukua toleo dogo na kulipakia kwenye Autopsy, programu ya bure ya uchunguzi wa diski. Diski ya kwanza tuliyoipitisha, sehemu kubwa ya mafaili ilijitenga yenyewe upande wa yanayojulikana. Upande wa pili walibaki watu. Barua, hotuba, majedwali ya bajeti, dua ya msiba, wasifu wa kuombea kazi, picha za kipaimara. Vijana walishangilia. Mimi nilikaa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa naona kwa mara ya kwanza yale tuliyokuwa tukiyapita kwa uchovu. Yale ya binafsi tuliyatenga bila kuyasoma, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na hapo pia hashi ilitusaidia, maana faili laweza kuorodheshwa na kufuatiliwa kwa hashi yake bila mtu kulifungua.

Kisha ikaja ile diski ambayo nitaizungumzia mpaka nistaafu. Kwenye mzizi wake zilikuwapo folda zenye majina ya kazi: Barua, Bajeti, Vikao, Harusi, Mkoa. Kwa macho ni folda za njano kama folda nyingine zote. Kumbe hazikuwa folda. Waliotumia kompyuta za ofisi enzi za flashi kuhama meza hadi meza wanaikumbuka aina hii ya kirusi: kinaificha folda yako ya kweli, kisha kinajinakili mahali pake kikiwa kimevaa picha ya folda na jina lako mwenyewe, ili ubonyeze. Majina mengi, tarehe mbalimbali. Tulipokokotoa hashi, zote zikawa moja. Programu ileile, imejipachika majina ya kazi za watu waliokesha. Jina lilikuwa limeibwa kutoka kwa mwenyewe, na kwa kusoma majina tungeendelea kuamini. Folda za kweli zilikuwa bado zipo, zimefichwa tu, na ndani yake tukakuta mihtasari ya vikao ambayo nakala yake ya karatasi haikuwapo kwenye jalada lolote tulilolijua.

Niseme jambo ambalo wengi hawalijui, na linanihusu kama mtumishi wa umma. Ukikutana na faili linalokutia shaka, unaweza kuliuliza kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzia Hispania mwaka 2004, inayokusanya maoni ya programu nyingi za kuzuia virusi. Lakini ukilipakia faili lenyewe, wateja wake wa kulipia duniani kote wanaweza kulichukua. Faili likiwa ni barua ya Serikali, umeitoa nje. Hashi unaweza kuituma bila hofu hiyo. Unauliza "mnaijua hii?" na kama inajulikana unajibiwa, kama haijulikani hakuna aliyeona hata neno moja la barua yako. Tangu nijue hilo nimelisema katika kila kikao ninachopewa nafasi, na nitaendelea kulisema.

Furaha yetu ya diski za mwanzo ilikutana na ukweli mwingine kadiri tulivyosonga. Orodha ya Gaithersburg inajua kilichofika Gaithersburg. Inaijua Windows, inaijua Office, inaijua michezo ya watoto wa Marekani. Kwenye diski moja tulikuta Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilisisimka kuona menyu zake, zimeandikwa kwa lugha yetu na watu wetu. Mafaili yake ya Kiswahili yalikaa upande wa yasiyojulikana, pamoja na vichafu vyote. Pembeni yake zilikaa programu zilizoandikwa na mafundi wa hapa kwa ajili ya stoo moja au kitengo kimoja, fomu za ofisi, kiolezo cha dokezo sabili, na kila kitu ambacho nchi hii imejitengenezea yenyewe. Kwa mashine, hivyo vyote vilikuwa sawa na kitu kilichookotwa njiani.

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Kile kilichokuwa chetu zaidi ndicho kilichokuwa hakijulikani. Sikuweza kuwalaumu wa Maryland, kwani wao walikuwa wanafanya kazi yao, na kwa uaminifu. Kazi yetu ilikuwa haijafanywa. Nikamwendea mkuu wangu wa kitengo, mzee aliyekulia masijala kama mimi, nikamwamkia, nikamweleza kwamba tunahitaji daftari letu.

"Mwanangu," akasema, "unataka kufungua rejesta ya programu?"

"Ndiyo, mzee. Rejesta, na kabati la kutunzia asili zake."

Akacheka kwa furaha, akanipa kabati la chuma lililokuwa na funguo.

Rejesta yetu inafuata nidhamu ileile ya daftari la barua zinazoingia. Kila programu inayofika ofisini inapokelewa kwanza: nani kaileta, lini, kwa chombo gani, toleo la ngapi, na tunaikokotoa hashi mbele yake kabla haijagusa kompyuta ya mtu. Faili la kusakinishia linakwenda kabatini. Halafu tunaisakinisha kwenye kompyuta safi ambayo haijaunganishwa na chochote, tunakokotoa mafaili yote yaliyoongezeka, na hayo ndiyo yanayoingia kwenye orodha ya utambuzi. Mtu akidhani inatosha kuikokotoa CD yenyewe atashangaa, kwa sababu mafaili mengi kwenye CD yamekandamizwa ndani ya faili moja, na yakishakunjuliwa kwenye diski hashi zake ni nyingine. Na toleo likibadilika hata kidogo, tunaanza upya. Ni kazi ya subira, inayowafaa watu wa masijala kuliko watu wenye haraka.

Tuliiendeleza zaidi ya programu. Nyaraka za utumishi hutolewa zikiwa PDF, zikasambazwa, na kila afisa akahifadhi nakala yake kwa jina analolipenda. Tukichukua hashi ya ile iliyotolewa rasmi, nakala zote zisizobadilishwa zinajitaja zenyewe popote zilipo, na hatuhitaji kuhifadhi waraka mmoja mara mia. Kinachobaki kina thamani kubwa sana: faili lenye jina la waraka huohuo lakini hashi nyingine. Mara nyingi sababu ni ndogo, mtu ameichapisha na kuiskani upya, au ameongeza alama ya rangi. Lakini safari nyingine tumekuta rasimu, yenye maoni ya wakuu pembeni, na rasimu kama hiyo ndiyo historia ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Hashi haikutuambia kwamba ile ni rasimu. Ilituambia tu kwamba si ileile, ikatupa sababu ya kuisoma kwa makini. Kusoma kumebaki kazi ya binadamu, na sasa tuna muda wa kusoma.

Vijana huniuliza kuhusu kuvunjwa kwa hashi, na nawajibu kwa uzito kwa sababu swali ni la haki. MD5, aliyoitunga Ronald Rivest mwaka 1991, iliangushwa mwaka 2004 pale Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha jozi za taarifa tofauti zenye jibu moja. SHA-1, hesabu nyingine ya aina hiyo, iliifuata Februari 2017, pale watafiti wa CWI ya Amsterdam na Google walipotoa PDF mbili tofauti zenye hashi moja. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flame kiligunduliwa kikiwa kimetumia udhaifu wa MD5 kujifanya kimesainiwa na Microsoft. Kuna tofauti, hata hivyo, ambayo inapaswa kueleweka. Kilichovunjwa ni uwezo wa kumzuia mtu anayetengeneza mafaili mawili kwa pamoja yafanane. Kulichukua faili lililokwisha kuwapo, lisilo lako, na kutengeneza jingine lenye hashi yake, hilo hata kwa MD5 bado halijawezekana kivitendo. Ndiyo maana orodha za zamani bado zinafaa kwa kuondoa takataka za mfumo. Rejesta yetu sisi tumeiandika kwa SHA-256 tangu ukurasa wa kwanza, na sioni sababu ya ofisi yoyote inayoanza leo kufanya vinginevyo.

Linalonipa wasiwasi kuliko hesabu ni watu wanaodhani kinachojulikana ni chema. NSRL wenyewe hawasemi hivyo. Kwenye rafu zao zimo programu za kuficha ujumbe na za kuvunjia nywila, kwa sababu nazo ni programu zilizotolewa na kuuzwa. Mwaka 2020 kampuni ya SolarWinds ya Marekani iliwapelekea wateja karibu 18,000 sasisho lililotiwa sumu wakati linatengenezwa. Lilikuwa na saini halali ya kampuni, na yeyote ambaye angelinganisha hashi na ya mtengenezaji angeikuta sawasawa. Hashi inathibitisha kwamba ulichonacho ni kile kilichotoka kwa mwenyewe, na inaishia hapo. Aidha inategemea umeipata wapi. Mnamo Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya mfumo wa Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye toleo lake lenye mlango wa siri. Anayeshika tovuti anaweza pia kuandika upya hashi iliyochapishwa pembeni ya faili. Hivyo anayetuletea programu Mtumba tunamwomba hashi kwa njia nyingine, kwa barua yenye kumbukumbu namba, au atusomee kwa simu huku tukifuatilia kwa kidole. Wapo waliotuona wasumbufu. Wengi wamezoea.

Upande wa sheria nilisaidiwa na wakili wa Serikali tuliyekaa naye kwenye mgahawa mmoja hapa katika Mji wa Serikali, dada mwenye subira. Alinikumbusha kwamba katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, la mwaka 2000 katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, Jaji Nsekela alikubali machapisho ya kompyuta ya kumbukumbu za benki yapokelewe, wakati ambapo sheria yetu ya ushahidi ilikuwa bado inafikiria vitabu vya karatasi. Leo kuna kifungu katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinachoitaka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na jinsi uzima wake ulivyolindwa. "Dada, ukiniletea hashi uliyoichukua siku ulipoipokea diski, na nyingine ya leo, zikawa sawa, umenipa pa kusimama," aliniambia. Tangu siku hiyo hakuna diski inayofunguliwa kwetu kabla ya kukokotolewa yote kwa jumla, mbele ya watu wawili wanaosaini.

Nimebadilika kwa namna ambayo hata nyumbani wanaiona. Zamani mtu akiniuliza kama nakala fulani ndiyo ileile, nilijibu kwa kuangalia sura ya karatasi na uso wa aliyeileta. Sasa najibu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukirudia bila mimi, na jibu litakuwa hilohilo nikiwa nimestaafu na kurudi kijijini. Mtumishi wa cheo cha chini anaweza kumwonyesha mkubwa wake kwamba faili limebadilishwa, bila kumtuhumu mtu na bila kupandisha sauti. Nimeliona likitendeka, na nimeona mkubwa akikubali.

Bado tuna pengo kubwa, nalo ni la programu za zamani. Kwenye diski za miaka ambayo ofisi zilikuwa Dar es Salaam kuna mabaki ya mifumo iliyotumika kabla ya hii ya sasa, mafaili ya upande wa mtumiaji ya Epicor iliyobeba mahesabu ya Serikali kwa miaka mingi kabla ya mfumo wa MUSE, programu za stoo na za mishahara midogo zilizoandikwa na watu ambao kampuni zao zimefungwa. Tunazo nakala zilizosakinishwa, zilizoishi na virusi na kurekebishwa na mafundi. Asili zake hatuna, na bila asili siwezi kuziandika kwenye rejesta kama zinazojulikana. Kwa hiyo nawaomba maafisa waliostaafu, wahasibu, watunza stoo, mafundi wa miaka ya 1990 na 2000 mlioko Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam na popote: mkiwa na CD au diski laini za kusakinishia programu zilizotumika maofisini, pamoja na maboksi, vijitabu na risiti zake, msizitupe. Andikeni kwenye karatasi ilitumika ofisi gani na mwaka gani kadiri mnavyokumbuka, mzipeleke kwa mtunza kumbukumbu wa ofisi mliyoitumikia. Hata iliyokwaruzika ipelekeni. Sehemu inayosomeka itakokotolewa na kuandikwa, na jina la aliyeileta litaandikwa mbele yake.